Dada wa "Hapatikani"

Jumatano, jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na dagaa wangu hawakukauka. Nimewafunika turubai pale ufukweni Kibirizi, nikarudi Buzebazeba kwenye nyumba tupu. Binti yetu Neema yuko bweni. Baba yake ni mwanajeshi, yeye na wenzake wamepelekwa ng'ambo ya ziwa kulinda amani.

Zamani tulikuwa na mtindo wetu. Akiwa lindo popote, jioni nambipu, naye ananibipu. Hatuongei. Ni kuambiana tu mimi mzima, wewe je.

Safari hii alinikataza kabla hajaondoka. Alisema vita vya siku hizi havimtafuti mtu kwa macho. Droni zinazunguka juu, na simu yako ikiwaka tu maadui wameshajua ulipo, wewe na wenzako. Ndiyo maana siku hizi hawawashi moto usiku, hawalali wengi pamoja, na mahandaki wanayafunika matawi. Nikamwambia mbona unanitisha. Akacheka. "Mama Neema, si unajua taa ya karabai inavyowaita dagaa usiku? Basi kule dagaa ni sisi."

Tangu siku ile hata kuwaanika dagaa naona tabu.

Jirani yangu, Mama Furaha, anasema mwanaume akizima simu ana nyumba ndogo huko aliko. Lisemwalo lipo, ananiambia, huku anatafuna karanga zangu. Natamani ingekuwa kweli. Ndiyo, nimeandika na sifuti. Heri nyumba ndogo kuliko droni.

Ila kila jioni napiga. Sipigi ili nimpate. Napiga nimsikie yule dada wa mtandao akisema mteja hapatikani kwa sasa. Akishasema hivyo napumua, nakula ugali wangu. Ndiye peke yake anayeniletea habari za mume wangu, na nimempenda jamani.

Leo nikapiga.

Ikaita.

Iliita mara moja tu nikakata, simu ikaniponyoka ikaangukia kwenye beseni la nguo kavu. Labda kaiwasha atazame picha ya mtoto. Labda wamehamishwa, wako njiani kurudi. Labda kaiokota mtu mwingine. Siwezi kujua bila kupiga tena, na kupiga ndiko alikonikataza.

Ugali umepoa. Simu nimeiweka juu ya kabati na mimi nimekaa huku mlangoni, mbali nayo. Ninachotaka ni kumsikia yule dada mara moja tu.

Sipigi.

Baba Neema, najua hulisomi daftari hili. Zima simu, mume wangu.