Mstari wa 212

4 Machi

Shikamoo shangazi,

Habari za siku nyingi, na goti linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema umeadimika.

Nakuandikia pembeni kwa sababu kule kwenye ukurasa wa programu yako ya kurekodi joto la friji tunabishana mbele za watu, na si adabu. Umelikataa rekebisho langu mara ya pili bila maelezo. Shangazi, hapa zahanati friji ya chanjo naitunza mimi. Wiki iliyopita umeme ulikatika kwa saa tano nzima, programu yako ikaandika nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne, kana kwamba hakuna lililotokea. Nimeufuatilia msimbo hadi mstari wa 212: kipima joto kikinyamaza, programu inarudia namba ya mwisho. Nimemwaga chupa sitini ambazo kwenye karatasi ni nzima. Naomba tuufute mstari huo.

Mwanao, mtoto wa kaka yako

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Sijambo, ila goti ndilo bosi wa nyumba siku hizi. Msalimu mama, mwambie simu yake nayo inapiga.

Mstari ule si kosa, niliuweka makusudi. Nilipokuwa muuguzi, mkaguzi akikuta nafasi tupu kwenye karatasi ya joto hakuuliza umeme, aliuliza nani alikuwa zamu. Rafiki yangu alifukuzwa kwa nafasi tatu tu. Nikaapa mashine yangu haitamchongea muuguzi. Programu ni huria: kama huridhiki, inakili uanzishe yako. Mimi sibadilishi kitu. Najua una kichwa kigumu cha baba yako, lakini yeye alijifunza kwangu.

Shangazi yako

20 Mei

Shikamoo shangazi,

Natumaini u mzima. Nilinuna, kisha nikaona haya, ndiyo maana kimya kimekuwa kirefu.

Sikuanzisha yangu. Habari ya rafiki yako ilinikaa rohoni. Nimeliandika upya rekebisho langu: kipima joto kikinyamaza, programu inaacha nafasi, na kando yake inaandika kwamba kifaa kilizimika, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Mkaguzi hana wa kumnyooshea kidole. Nikaliweka ukurasani, nikaomba watu walijaribu.

Shangazi, nimepigwa na butwaa. Wamekuja watu thelathini na mmoja, simjui hata mmoja kwa sura. Daktari wa mifugo kalijaribu kwenye friji ya chanjo za ng'ombe. Mwingine kazima umeme wa nyumba yake mara kumi na nne mpaka mkewe akahama chumba. Hakuna anayelipwa, na wamenisahihisha hadi nukta. Lakini ruhusa ya kulipitisha unayo wewe peke yako.

Mwanao

2 Juni

Marahaba mwanangu,

Nimelipitisha jana asubuhi, na programu ikajisasisha yenyewe kila mahali. Kisha nikakaa kutazama ule ukurasa ambako zahanati zote zinazoitumia hutuma rekodi zao. Nilitegemea nafasi tupu mbili tatu. Kufika mchana zilikuwa mia nne na kitu, kutoka miji nisiyoijua, kwa lugha nisizoweza kuzisoma. Kwanza nilistaajabu tulivyo wengi. Sikuwahi kujua. Halafu nikaogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa.

Miaka saba nafasi hizo zilikuwepo, mimi nikazifunika. Wako watoto waliochomwa chanjo iliyokwisha kuharibika, na aliyewachoma aliiamini namba yangu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walinisema mimi. Usinifariji. Nataka kuziandikia zahanati zote, kwa jina langu, ziwatafute watoto hao wachanjwe upya. Nimeianza barua hiyo mara tano na sivuki salamu. Njoo Jumamosi unisaidie.

Shangazi yako

3 Juni

Shikamoo shangazi,

Sitangoja Jumamosi, nakuja kesho. Nitakuja na daftari la watoto niliowachoma mimi mwenyewe, nikiiamini namba ile ile. Tuanze na hao.

Mwanao