Hapo Hawatui Ndoo

Mama Salma,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, hata sasa. Leo Ijumaa, nimetoka msikitini, nimekaa nyuma ya nyumba na daftari nililomwomba mwanangu, na nina jambo ambalo nikichelewa kulisema litakuwa limeharibika. Kesho asubuhi ni mbio. Salma wako anakimbia kilomita ishirini na moja. Njia imepelekwa ukingoni mwa bonde, kulekule ulikonikataza, na aliyeiwekea alama ni mimi.

Haya, nimesema. Nitukane kwanza, halafu unisikilize.

Mwaka wa pili huu hupo, na mambo yamebadilika. Bomba la maji limefika hadi mtaani kwenu, pale kwenye mwarobaini, na akina mama wanagombana foleni utadhani sokoni. Mikorosho yako naipulizia salfa mimi, mwaka huu imetoa maua mazuri. Paka wako amehamia kwa jirani, hana hata aibu. Na zile mbio zako ulizokuwa ukizipangia njia zimekuwa kubwa. Wanakuja watu wa Masasi, wa Chidya, hata Lindi, wamevaa viatu vya rangi ambazo wewe ungezicheka siku nzima.

Unakumbuka ulivyonipata? Mwaka wa kwanza nilikuwa wa mwisho. Nimefika, utepe umeshakunjwa, watu wanakunywa soda zao. Wote walinicheka, wewe ukaja ukanishika bega, ukasema, "Hawa waliotangulia hawajui hata wamepita wapi. Huyu bata ameiona njia yote. Nampata wapi mwingine?" Tangu siku hiyo nikawa mbeba chokaa wako ya kuchorea njia. Pikipiki yangu, mfuko wa chokaa katikati, wewe nyuma na kopo lako, na kelele zako za kunifundisha kuendesha wakati hujawahi kuendesha hata baiskeli.

Kazi ulinifundisha, siwezi kusema hukunifundisha. Hukuweka alama mahali ambapo hujapita kwa miguu yako mwenyewe. Kutoka mjini, kupita uwanja wa mpira, kuingia mikoroshoni upande wa Mnyambe, kukata porini mpaka kurudi lami, njia nzima kwa miguu. Na ukikutana na akina mama wamebeba kuni, salamu ndefu, habari za watoto, habari za mashamba, mpaka mimi nachoka kusimama. Halafu unawauliza swali moja tu, wanatua wapi mizigo. Nilikuona kama mtu mwenye kasoro kidogo, nisamehe. Mpaka uliponieleza kwamba mtu mwenye ndoo ya lita ishirini kichwani hatafuti mahali pazuri pa kuangalia, anatafuta ardhi anayoiamini. Ukiona kivuli kipo, upepo upo, njia tambarare, na hakuna anayetua, ulikuwa unasimama kabisa. "Hamisi, kwa nini hapa hawatui?"

Kule ukingoni hawatui. Nilijionea mwenyewe, enzi za kabla ya bomba, wanapanda kutoka bondeni na ndoo, jasho linawatiririka mpaka miguuni. Chini huko wana vituo vyao, mawe yamelainika kwa kutuliwa ndoo miaka nenda rudi. Lakini wakishafika juu, pale penye uwanda na upepo, ambapo mtu yeyote mwenye akili angekaa, wanapita kimya. Wanakwenda kutua mbele, kwenye mikorosho.

Ulinieleza mara moja tu, tumekaa juu ya mfuko wa chokaa. Mdogo wako Zainabu alichoka, akatua ndoo pale. Kiangazi, wala haikuwa mvua, ukingo ukaondoka naye. Wewe ulikuwa hatua chache mbele, ndoo kichwani, huwezi kugeuka haraka. Ulisema, "Sikusikia kelele, Hamisi. Nilisikia ndoo." Halafu ukanyanyuka, ukapangusa kanga, ukasema twende kazini. Ukaniambia njia isipelekwe pale hata ukifa, hata aje nani. Na Salma asiambiwe habari za mama yake mdogo, maana utamtia woga wa maisha. Nikakujibu kwa mdomo wangu huu, kwani mimi mwendawazimu?

Sasa sikia huyo mwendawazimu alichofanya.

Kamati ina mwenyekiti mpya. Kijana mzuri, salamu zake nzuri, na ana kamera inayoruka. Anataka picha. Picha ya Shimo la Mungu, pale wageni wanapokwenda kutazama bonde, anasema kila mtu anayo kwenye simu yake, yeye anataka wakimbiaji wamepangana ukingoni jua linachomoza, ukungu wa Ruvuma chini yao. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nilikataa. Mara ya tatu hakuniuliza kitu, aliniletea koti. Jeusi, mgongoni limeandikwa kwa manjano MKUU WA NJIA.

Cheka tu. Nililivaa kwenda sokoni saa saba mchana, jua la utosi, nanunua nyanya. Mke wangu alinikung'uta vumbi mabegani kabla sijatoka. Watu waliniita mkuu, mkuu, na mimi nikaitika. Nikajiambia akina mama siku hizi hawapiti tena kule, maji yapo bombani, hayo mambo ya kutua na kutotua ni hadithi za zamani. Mama Salma, koti! Ningekuwa nimeuzwa kwa kitu cha maana ningekuwa na la kujitetea.

Niliweka chokaa wiki mbili zilizopita. Kesho yake nikakuta pale njia panda, njia ya ukingoni inapoachana na ya mikoroshoni, pamemwagwa unga wa muhogo. Kidogo tu, umekusanywa vizuri kwa vidole, kama wa tambiko. Unajua mwenyewe, kitu kama kile mtu haruki. Anazunguka, anakiacha na mwenyewe. Nikauliza nyumba za pale jirani, hakuna aliyesema ni wake. Mama mmoja alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata uso, akasema tu, "Sisi hapo hatutui ndoo." Mimi na koti langu nikavunja tawi, nikaufagia ule unga mpaka ardhi ikawa safi. Asubuhi iliyofuata upo tena. Nikafagia tena. Siku ya tatu nikaja na tawi langu kabisa, sikukuta kitu. Walikuwa wameniacha.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Nilitamani niukute.

Jumatatu nikaona ufa. Mwembamba, unaenda sambamba na ukingo, upande wa ndani wa mstari wangu wa chokaa. Usiku yalikuwa yamenyesha manyunyu, nikasema ni udongo umekauka vibaya. Jumanne kiganja kikaingia. Jumatano nililala kifudifudi upande wa ndani nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, sikugusa kitu. Na upepo ulikuwa unatoka mle ndani, Mama Salma. Upepo wa baridi, kutoka chini ya ardhi, unanipuliza kwenye kwapa. Nilichomoa mkono haraka nikaangalia nyuma kama kuna mtu.

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kupiga kelele. Mimi nilikata majani, nikayasukumia mle kwa mti, nikafukia udongo juu, nikausawazisha. Halafu nikamwagia chokaa pale ilipochafuka, mstari ukanyooka tena. Nikarudi nyumbani nikala ugali, nikaongeza mboga.

Jana Salma alikuja kuchukua namba yake ya kifuani. Lo, ungemwona. Amekuwa mrefu kukupita, lakini mwendo ni ule wako wa kupiga visigino kama anadai mtu. Viatu vyako vya bluu vinamtosha sasa, haweki tena kitambaa mbele. Na mbio anazo, si kama mimi. Mwaka jana aliwaacha wasichana wote, sasa wakikimbia wanamfuata yeye. Anapokanyaga, nao wanakanyaga hapohapo. Akaniamkia, akapokea namba, akaikunja vizuri. Alipofika mlangoni akageuka akaniuliza, "Mjomba, njia umeipita mwenyewe kwa miguu?"

Nikamwambia nimeipita.

Sijaipita. Pale ukingoni mpaka jana nilikuwa sijakanyaga hata mara moja. Nilifunga kopo kwenye ncha ya fito ndefu, nikawa namwaga chokaa nikiwa nimesimama mbali, upande wa ndani. Mahali nilipoogopa kuweka mguu wangu mwenyewe ndipo nilipomchorea mwanao mstari apite. Naye akasema ahsante mjomba, akaondoka anapiga visigino.

Ujomba huo ulinipa wewe. Sina damu yenu hata tone. Ulisema mtoto wa kwetu bila mjomba ni mtoto asiye na mlango, ukanipa mimi kwa sababu kaka zako walihamia Dar hawakurudi. Jana usiku hilo neno lilinizunguka mpaka adhana.

Leo alfajiri, baada ya sala, nimekwenda moja kwa moja ukingoni. Ukungu ulikuwa mzito, harufu ya salfa kila mahali, sioni zaidi ya hatua chache mbele. Nikaanzia njia panda nafuata mstari wangu, hatua kwa hatua, macho chini. Mstari umenyooka vizuri, mzuri kabisa, nikaanza hata kujisifu. Halafu ukaishia hewani.

Hakuna, Mama Salma. Ule ufa wangu hakuna, majani yangu hakuna, udongo niliousawazisha hakuna. Kipande cha ukubwa wa jiko lenu kimeondoka na chokaa yake, na ng'ambo nikauona mstari unaendelea kama kawaida. Nimewauliza wale wa nyumba za jirani, hakuna aliyesikia kitu. Nilikaa chini kwenye umande nikakuita jina lako, siyo Mama Salma, jina lako lenyewe. Nisamehe kwa hilo pia.

Nimekwenda kwa mwenyekiti nimemkuta anakunywa chai. Akaja, akaona, akapiga na picha. Nikasema afadhali, sasa mambo yamekwisha. Akasema, "Basi sogeza hatua tano ndani, mgeni rasmi ameshafika mjini." Hatua tano ndani, mbele ya macho yake, kuna ufa mwingine mwembamba. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema hiyo njia ya siafu. Nikavua koti nikampa. Akasema sawa, yupo mwingine wa kulivaa, mstari utapigwa jioni. Nimekwenda kwa mtendaji, ofisi imefungwa, karatasi mlangoni inasema yupo kwenye maandalizi ya mbio.

Kwa hiyo nimebaki na njia moja, na hiyo naiogopa kuliko ule upepo. Salma. Akikataa yeye kupita pale, wenzake hawatapita, na wale wa nyuma watafuata wenzake. Lakini jana nimemwambia njia ni nzima na nimeipita kwa miguu yangu. Leo nikimwambia ni mbovu, ataniamini kwa lipi? Atadhani nimekosana na kamati kwa ajili ya koti, maana hayo maneno mwenyekiti ameshaanza kuyasambaza. Mwanao mbishi, unajua alikoutoa. Atasema mjomba ana wivu, atafunga kamba za viatu vyako na atapita.

Nimewaza tangu mchana hapa, na naona kuna maneno mawili tu yatakayomsimamisha. La kwanza ni kwamba nilimdanganya, uso kwa uso, akiwa amevaa viatu vya mama yake. La pili ni Zainabu. Nitamweleza yote ulivyonieleza, ndoo na hatua zako chache na shingo usiyoweza kuigeuza. Ulinikataza, najua. Ahadi yako ya kwanza nimeivunja kwa upumbavu, hii ya pili naivunja makusudi, na ukitaka kunidai siku tutakapoonana, nidai hiyo ya kwanza.

Baada ya hapo nakwenda kwa yule mama wa muhogo kumwomba radhi kwa unga niliofagia. Na kesho, kabla hawajaanza, nitakuwa nimeketi pale njia panda, katikati ya njia, bila koti. Atakayetaka kwenda ukingoni atanikanyaga mimi kwanza. Hii nakuahidi, na hii siiwekei mtu mwingine alama, nakwenda kukaa mwenyewe.

Lala salama, Mama Salma. Mwanga wa jua umeshapungua na nasikia Salma yuko nyumbani kwa bibi yake, anapasi nguo ya kesho. Nakwenda sasa hivi kabla sijajitafutia sababu.

Ukimsikia analia jioni hii, usishtuke. Ni mimi nimemwambia.

Hamisi