Uzi wa Hatua ya Bibi

Nyumba ya mwisho juu ya chemchemi,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Salamu zangu ni nyingi. Kama hazikutosha kwenye bahasha, zilizobaki utazikuta mlangoni kwako.

U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Bibi mzima, mbuzi wazima, na mimi mzima kupita kiasi. Nimeongezeka urefu tangu uondoke, ile suruali uliyoniachia sasa inaniishia chini kidogo ya magoti.

Usishangae kupata barua. Simu yangu iliteleza ikazama chemchemini pamoja na namba za wasichana wote, tuwaombee. Lakini hata ingekuwa nzima, ninachokuletea humu hakiingii kwenye simu.

Nimejiunga na Klabu ya Jumamosi. Cheka kwanza, nakusubiri. Ndio wale wale niliokuwa nikiwaita vibarua wa bure. Tuko kumi na mmoja. Kiongozi wetu ni Mama Fundi, yule fundi cherehani wa karibu na shule. Wengine wakulima, na yupo mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo ananisahihisha ninavyoshika jembe. Kila Jumamosi asubuhi tunafanya kazi zisizo na mwenyewe: kufukia mashimo ya barabara, kuziba paa la mjane, kuzibua mitaro.

Nilijiunga kwa sababu ya neno lako. Bibi alipoanguka na ndoo pale mteremkoni wakati wa mvua, ulisema kama mpaka Desemba hawezi kushuka majini na kurudi mwenyewe, unakuja kumchukua akakae nanyi ghorofa ya tatu. Siku ile nilijifanya mtandao mbaya.

Maji namletea mimi, ndoo mbili kwa safari moja na tone halimwagiki. Lakini Dada, wewe umepasahau pale asubuhi. Ukungu unalala juu ya maji kama haujaambiwa kumekucha. Wanawake wanaongea humo ndani hawaonekani, unasikia vicheko tu na ndoo zikigusa mawe. Halafu jua linafika, watu wanaanza kutokea mmoja mmoja, kwanza vitambaa vya kichwa, kisha nyuso. Bibi ameoshea uso hapo tangu alipoolewa. Maji naweza kumchotea. Asubuhi ile haiingii kwenye ndoo.

Basi nikaomba klabu tujenge ngazi pale mteremkoni, wakakubali. Sasa hawa watu wana mtindo wao: mwanachama mpya ndiye kipimo. Kazi yako ya kwanza inapimwa kwa mwili wako, wanasema mtu akishaacha mwili wake ndani ya kazi haikimbii tena. Nikasimama mteremkoni kama sanamu, wakapima ninavyonyanyua mguu. Nakiri niliunyanyua zaidi ya kawaida. Kuna mabinti walikuwa wanapita.

Jumamosi nne tulikata udongo, tukalaza magogo, tukapiga vigingi, tukajaza kokoto. Vidato ishirini na sita. Wewe na shule yako yote uliishia cha sita.

Siku ya kuvifungua Bibi alivaa viatu vya safari. Akashuka cha kwanza, cha pili. Cha tatu akasimama, mguu mmoja hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akageuka, akarudi juu akishika nyasi, akaketi kwenye jiwe.

"Mume wangu," akaniambia, "umenijengea ngazi nzuri sana. Sasa niazime na miguu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama Fundi hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Mlingoti, mimi gauni la mteja silipimi kwa jirani yake. Nilikuona unavyorusha hilo goti, nikanyamaza kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Tumekosea wote."

Wiki ile kila nikifumba macho naona ngazi. Zinapanda mpaka mawinguni, mimi niko juu napunga mkono, na Bibi yuko chini kabisa, mdogo kama punje, wala haniiti.

Nikaenda kuomba uzi kwa Mama Fundi. Nikampandisha Bibi kwenye tofali, nikaongeza kipande cha ubao, nikaongeza kingine, mpaka goti lake likasema basi. Nikapima hapo, nikakata. Haufiki hata shibiri yangu. Nilidhani nimekosea, nikapima tena. Huyu ndiye aliyekuwa akitukimbiza na fimbo mpaka ng'ambo ya shamba, Dada, na wewe ndiye uliyekuwa ukikamatwa.

Nikaanza kung'oa vidato vyote, nikianzia juu, peke yangu. Jumamosi wenzangu wakanikuta niko cha tisa. Wakakunja mikono ya mashati, tukaendelea pamoja. Sasa viko arobaini na tisa, vifupi vya kuchekesha. Mimi nikishuka natembea kama kuku anayeogopa umande.

Juzi asubuhi Bibi alishuka. Ukungu ulikuwa mzito, alifika katikati akapotea. Nilibaki juu nikisikiliza viatu vyake, ta, ta, kisha kimya. Halafu nikasikia wanawake wanamwita kwa furaha, "Bi harusi amerudi!" Sikumfuata. Jua lilipofika, kitambaa chake cha kijani kilitokea mbele ya vyote, kikaanza kupanda. Alikuja na kidumu chake kidogo, uso umelowa, hajashika mkono wa mtu.

Alinipita bila kuniangalia. "Chai umeshaipika, au ulikuwa unanitazama tu?"

Humu kwenye bahasha kuna uzi mweupe. Usiutupe ukadhani umetoka kwenye nguo. Hiyo ndiyo hatua ya Bibi. Toka mlangoni kwako, upime ngazi za jengo lenu, kidato kimoja kimoja, kuanzia chini mpaka ghorofa ya tatu. Visipouzidi uzi, njoo, sanduku lake nitalibeba mimi na sitanuna. Vikiuzidi, niachie Bibi yangu. Mimi silii, unanijua. Ila nyumba hii bila yeye ni kubwa, na mimi nina urefu tu, sina cha kuijaza.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu mwenye meno mawili, mwambie mjomba wake siku hizi anaitwa kila panapotakiwa kupimwa kitu. Shangazi akipita hapo mpe salamu zake. Bibi anasema ule ushibe, na Mungu akushike mkono unapopanda na unaposhuka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Mlingoti