Picha Niliyopigwa Juu ya Ukuta wa Lucca

Kwa kaka yangu Idi, Kabeza.

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mguu wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima. Moyo usiniulize. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa mama mmoja Mrundi anayekuja Kigali. Angalau karatasi huwezi kuikata kama simu.

Mama mdogo Rehema kanieleza yote. Siku ya arobaini ya mama, hitima imeisha, pilau bado iko kwenye masinia, ukazungusha simu yako kwa wageni, yenye picha yangu: "Muangalie Sauda. Mama yake iko kwenye udongo, yeye iko anatembea!" Halafu sanduku la nguo za mama likafunguliwa bila mimi, binti yake wa pekee. Tangu lini, kaka? Kwetu sanduku la mama hufunguliwa na binti yake, na kama yuko mbali linamngoja. Mama mwenyewe alipokuwa Bujumbura, la bibi lilimngoja mpaka aliporudi. Wewe ukasema, "Huyo Ulaya yake inamtosha, nguo za zamani za nini?" Na kanga ya mama ya kuswalia ukampa mkeo.

Sasa nisikilize kuhusu hiyo picha, maana nilikutumia wewe peke yako, si Kabeza nzima.

Kazi yangu unaijua. Namtunza bibi kizee wa Kiitaliano, namwosha, namlisha, namgeuza kitandani. Siku ile niliomba ruhusa. Nilishapatana na wanawake wa Kisenegali tusome Yasini kwenye chumba tunachoswalia. Mtoto wa bibi, mwanamume mtu mzima, akasema haiwezekani: ni siku ya kuzaliwa ya mama yake, wanampeleka Lucca alikozaliwa, na bibi hakubali kusukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu na mtu mwingine. Nikamwambia, na mimi leo ni siku ya mama yangu. Akasema pole, panda gari.

Lucca ni mji wa kale uliozungushiwa ukuta. Usidhani ukuta kama ule wa matofali wa jirani yako. Huu ni mpana, juu yake kuna miti na njia, watu wanaendesha baiskeli na kula aiskrimu, huku chini unaona mapaa mekundu ya mji. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Nilipachukia. Nilimsukuma bibi peke yangu kupandisha mwinuko, wenyewe wako mbele wanapiga soga. Chini ya mti mmoja nikafunga breki ya kiti chake, nikasoma Yasini kimoyomoyo. Bibi akanishika mkono. Akaanza kumwita mama yake, aliyekufa zamani sana, anauliza mbona haji kumchukua. Basi tukalia wote wawili, wallahi, yeye na uzee wake wote ule.

Ndipo mtoto wake akaja na simu. "Cheka, Sauda!" Huku, kaka, kwenye picha lazima ucheke, usipocheka wanaona umewanunia. Na huyo nitamnunia vipi, wakati bila saini yake sipati karatasi za kukaa hapa? Ni karatasi hizo hizo zilizonizuia kuja kumzika mama. Nikacheka. Lile koti ni la mkewe, aliniazima kwa sababu ya upepo. Na ile miwani myeusi mliyoicheka, eti "mtalii huyo", niliivaa kwa sababu macho yalivimba. Nilikuwa nalia tangu alfajiri.

Nikakutumia ili ujue nilikuwa wapi wakati wa dua. Ujinga wangu huo. Nilidhani utanipigia.

Nimekasirika, sitaficha. Najua fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana mkafanya mlivyotaka. Lakini ningekuwa pale Kabeza, Idi, hakuna ambaye angegusa kufuli ya sanduku lile. Na wewe unajua.

Mama mdogo Rehema wa Kabuga umsalimie sana, na ole wako umgombeze kwa kuniambia ukweli. Watoto wabusu, waambie shangazi yao anawakumbuka. Wifi pia msalimie. Yeye kapewa tu, simlaumu.

Vitenge, viatu, mitandio, mmeshagawana, nimesamehe. Kanga ile sijaweza. Ndiyo mama aliyoswalia alfajiri ya siku aliyoanguka, na hakuna kitu kingine duniani kilichobaki na harufu yake. Mwambie wifi namwomba, kwa jina la Mungu: kama bado hajaifua, asiifue.

Mdogo wako,
Sauda