Kigurudumu cha Kamera ya Mjomba

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kidogo. Studio inaendeleaje?

Nimechaguliwa kupigia picha gazeti la shule, na baba ameahidi kuninunulia kamera ya dijitali, ile ya kubadilisha lenzi. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba na sasa nina hofu kuliko mwanzo. Nichague kampuni ipi? Nikikosea je, na lenzi za kampuni moja haziingii kamera ya nyingine?

Mpwa wako

19 Machi

Bi Vitabu,

Marahaba. Mwili mzima, domo tu linachoka kwa kulalamika.

Mwambie baba yako asinunue. Mtu haoi kamera, anaoa lenzi zake. Mimi uzeeni nimetoa talaka! Harusi mbili mfululizo, bibi harusi katoka kama yuko nyuma ya moshi, na watu wameanza kunong'ona. Nimeuza lenzi, nimehamia kampuni nyingine. Hii ya zamani nakutumia na lenzi iliyobaki, ujifunzie. Ila usiiachie kamera ilenge yenyewe na kuamua kipi kionekane wazi. Mpiga picha hulenga kwa mkono na jicho lake.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona. Kamera imefika, asante sana.

Nilipochungulia niliona ukungu mtupu. Nikafuta lenzi, wapi! Kisha kando ya tundu la kuchungulia nikakuta kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtu. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Nilipokirudisha katikati, kila kitu kikatulia. Nimelenga kwa mkono, kama ulivyoagiza, nikampiga picha mama akishona. Hata uzi unaonekana.

Mjomba, kamera ni nzima. Sentensi inayofuata nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Tafadhali nenda kwa daktari wa macho.

Mpwa wako

10 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Nilikutumia kamera, sikukutuma unipime. Macho haya yalikuona ukiwa kwenye nepi. Soma masomo yako.

Mjomba

6 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Simu yako inaita tu. Mama anasema umenuna, nikuache. Natamani iwe hivyo. Lakini katika barua yako mstari wa pili umepanda juu ya wa kwanza, na wewe mwandiko wako ulikuwa umenyooka kama rula. Nikilala nauona ule mstari.

Nisamehe. Nenda tu.

Mpwa wako

21 Mei

Bi Vitabu,

Marahaba. Mwandiko ni wa mkaza mjomba wako, maneno ni yangu. Akichomekea yake utamjua.

Nilikwenda. Ni presha ya jicho. La kulia limekwisha, halirudi. La kushoto huenda likabaki nikitia dawa bila kukosa. Daktari aliuliza nilianza lini kuona ukungu, nikamwambia, "Kamera ilikuwa mbovu." Kigurudumu cha kamera mpya nilikizungusha hadi mwisho pale pale dukani, siku ya kununua.

Sasa nachungulia kwa kushoto, pua inapaka jasho kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Wateja wanacheka, na mimi nacheka nao. Shule zikifungwa nina harusi. Njoo na kamera yako usimame karibu yangu, na bibi harusi akitoka na moshi uniambie kweli, kama ulivyoniambia.

Naogopa, mpwa wangu. Hilo mwandishi asilikate.

Mjomba wako

Sijalikata. Njoo mapema.

Mkaza mjomba wako