Picha Isiyo na Paa

Kizota, Dodoma
Juni 1998

Dada Hilda,

Shikamoo. Mimi mzima, ni kifua tu kinabana asubuhi kwa vumbi la mbao. Wewe na shemeji huko Mtera hamjambo? Watoto je? Samaki wanapatikana? Na mama, miguu imepata nafuu au bado anakwenda kwa mkongojo? Mpe shikamoo yangu. Mpe hiyo tu kwanza. Haya mengine usimsomee. Kaa mahali peke yako, soma mpaka mwisho, ndipo utajua la kufanya.

Kwenye huu mzigo kuna picha mbili. Nimezibana katikati ya maboksi zisikunjike. Mama asizione kabla wewe hujamaliza kusoma.

Barua yako niliipata. Umesema mama hatulii. Kila siku anauliza nyumba imesimama au imelala, na mdogo wetu Mazengo aliyebaki nayo mbona kimya, hata salamu haleti. Umesema anataka arudi kwake baada ya mavuno, na wewe huwezi kumwachia aende bila kujua. Ukasema kama siwezi kumfuata Mazengo nitafute basi hata picha ya nyumba, mama aione atulie. Nimekwenda. Sasa nakueleza nilivyokwenda na nilichokikuta.

Kwanza ujue kazi yangu imebadilika. Pale kiwandani hawanitaki tena. Tuliambiwa kiwanda kimepata mwenyewe. Tukafurahi. Mwenyewe alipokuja akatupunguza nusu, na mimi nikiwamo. Hiyo ilikuwa mwaka jana kabla ya mvua. Tangu mke wangu Tereza afe nilizoea kurudi kwenye chumba kitupu, lakini kurudi saa nne asubuhi sikuzoea. Nikazunguka humu Kizota mpaka fundi mmoja wa mbao akanipa kibarua cha kupiga msasa fremu za picha.

Fremu hizo ni za mwalimu mmoja, anaitwa Frida. Ni mtu wa Bukoba, anafundisha hapa mjini. Siku za mapumziko anachora. Anachora vihenge vya nafaka, matembe ya paa la udongo, mashamba, mawe, ng'ombe wakiwa mbali. Bunge likikaa wageni wananunua. Kihenge chenyewe ukiwapelekea hawakitaki, wanataka picha yake waitundike ukutani. Alipojua mimi ni Mgogo wa kijijini akaniomba niwe naenda naye, nimbebee kiti na maji.

Maji ni kwa sababu ya rangi zake. Ni vidonge vikavu kwenye kibati, havifanyi kitu bila maji. Analowesha karatasi kwanza, anagusa rangi, inatembea yenyewe. Upepo wetu unamkera, karatasi inakauka kabla hajamaliza mbingu. Rangi nyeupe hana. Anapotaka peupe anaacha karatasi ilivyo. Na hakuna kufuta. Ukishaweka umeweka.

Tumetembea naye vijiji vingi. Watu wanacheka sana. Mahali pamoja mchungaji wa ng'ombe aliniuliza hivi mwanaume mzima unambebea mwanamke kikombe cha maji, kwenu hamna ng'ombe? Nikamwambia wewe unawabebea ng'ombe fimbo kutwa na hawajakushukuru. Kina mama walimuuliza mwalimu kwa nini anachora tembe la zamani wakati shule ina bati jipya linang'aa. Na bibi mmoja alimsimamisha katikati ya kazi, akamwambia kihenge changu kichore kimefunikwa, usikichore wazi, nani kakwambia watu wa Bunge wanatakiwa kujua ndani kumebaki nini? Mwalimu alicheka mpaka brashi ikamdondoka, kisha akakichora na kifuniko.

Basi barua yako ilipokuja nikamwambia mwalimu kwetu kuna tembe zuri karibu na Gulwe, la baba, na kihenge kikubwa ambacho mama alikisuka na kukikandika mwenyewe. Nikamwambia kuna picha nyingine nataka, moja tu, ya kumpelekea mama. Akakubali. Treni imeanza tena kupita baada ya reli kutengenezwa. Tukashuka Gulwe, tukatembea.

Dada, nilipoanza kukutana na watu wa kwetu niliona kitu hakiko sawa. Nilisalimia, mbukwa, mbukwenyi. Waliitika kwa midomo tu. Yule jirani yetu mama Ruthu alikuwa akipepeta uwele uani kwake, aliniona, akainama akaendelea kupepeta. Ruthu huyu aliyekuwa akinipigia vigelegele nikija na kilo ya sukari. Nikasema labda ni kwa sababu nimeongozana na mwanamke mgeni na mke wangu hana hata miaka ya kutosha kaburini.

Tukapanda kile kijilima. Nyumba hakuna.

Pana kifusi. Nguzo chache zimechomoza, zimelala upande mmoja. Upande wa ndani kabisa, kilipokuwa kihenge, umeota mtama. Umeota juu ya kifusi chenyewe, mrefu, umebeba, ndege wanakula. Mashamba yote ya jirani yamevunwa, huo umesimama peke yake, hakuna aliyeukata.

Mwalimu hakujua kama ndipo tulipokuwa tukienda. Alifurahi. Alisema hajapata kuona udongo mwekundu namna ile na kijani juu yake. Akaomba kiti, akaomba maji, akakaa akaanza. Mimi sikumwambia kitu. Nikamwekea kikombe, nikashuka kwa mama Ruthu.

Ruthu hakunikaribisha. Aliniuliza nimekuja kufanya nini sasa, nimekuja kuchora kaburi? Aliniuliza kama mjini kuna ndugu wengine nimewapata kiasi cha kutokuja kumzika wangu. Nikamwambia mama, nani amekufa? Akanitazama. Akaona sijui. Hapo ndipo ungo ulimtoka mikononi, akakaa chini, akaanza kulia, na mimi nikaelewa kabla hajasema.

Mazengo amekufa, dada. Mdogo wetu. Amekufa tangu mvua za Elnino, mwezi wa kwanza. Nyumba ilimwangukia amelala.

Walituma watu. Reli ilikuwa imekatika na barabara zimekwenda na maji, kwa hiyo kwako Mtera hakuna aliyefika. Kwangu alikuja Geofrey, mtoto wa baba mdogo. Alitembea, akadandia lori, akafika mpaka getini kiwandani. Mlinzi akamwambia huyo kapunguzwa, hatujui alikoelekea. Geofrey akarudi, akasema kaka hayupo. Kijijini wakaelewa nimesikia na sitaki, hawakutuma tena. Walizika bila sisi. Wamenionyesha, ni pembeni mwa shamba la karanga, pale pa mawe mawili. Wameweka miiba ng'ombe wasikanyage. Nilikaa hapo. Nilichofanya hapo hakiandikiki.

Niliporudi kwa mwalimu alikuwa amefika nusu. Nikamwambia hapo ndipo nyumbani, na nyumba hiyo ilimwangukia mdogo wangu akafa. Aliificha karatasi nyuma ya mgongo kama mtoto. Akasema anaichana. Nikamwambia usichane, maliza. Ukishaweka umeweka. Akaimaliza akilia. Hiyo ndiyo picha ya kwanza.

Ya pili inanitia aibu lakini nakwambia. Tulilala kwa Ruthu, mwalimu na yeye chumba kimoja. Asubuhi nilimwambia mwalimu nataka ile nyingine, ya nyumba imesimama. Alisema yeye huchora anachokiona. Nikamwambia mimi ninakiona, kaa hapa nikutajie. Dada, nilitaka kudanganya. Nilikwishapanga. Ningempelekea mama nyumba nzima na kumwambia Mazengo anakusalimia, ana shughuli nyingi, wewe kaa huko Mtera upate samaki. Nilisema mama ni mzee, anaweza akafa bila kujua, na hiyo si dhambi kubwa.

Mwalimu akakubali, hakupenda. Nikaanza kutaja. Ukuta huu mrefu, huu mfupi. Zizi hapa. Mlango mmoja, kizingiti cha mti, kimeliwa katikati na miguu ya ng'ombe. Kihenge ukikitazama kupitia mlangoni unaona tumbo lake tu. Jiwe la kusagia nje. Alikuwa akifuata kila neno. Nyumba ikaanza kuja kwenye karatasi, nami nikaanza kuamini. Mama Ruthu alisimama nyuma yetu na ungo, akasema ni yenyewe, hata ule ufa aliouziba baba yenu upo.

Halafu mwalimu akaniuliza paa. Akasema hili la udongo, lilikuwa nene kiasi gani?

Nikashindwa.

Sasa sikia nilichoambiwa na Ruthu, ndilo neno lililonifanya nikukataze kumsomea mama. Mvua zilipoanza tembe lote lilikuwa likivuja. Mama akiwa huko kwako alimtuma yule mwuza samaki anayekuja mnada wa Mpwapwa. Wewe ulikuwepo, unakumbuka. Alimwambia amfikishie Mazengo neno moja, paa likivuja aongeze udongo. Mwuza samaki alifikisha. Mazengo akaongeza. Ikanyesha, ikavuja, akaongeza. Mvua ile haikuwa ya kwetu, haikuacha siku ya kukauka. Udongo ulilowa juu ya udongo uliolowa, na chini boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa. Watu walihamia shuleni, kwenye bati. Walimwita. Ruthu mwenyewe alikwenda kumvuta mkono. Akamwambia mama ameagiza, mimi siwezi kuiacha nyumba ya mama ianguke. Wachuuzi walikuwa wamepita kabla ya mvua wakitaka ule mtama wa kihengeni, aliwafukuza, alisema ni chakula cha mama akirudi. Akawa analala pembeni ya kihenge na beseni, anakinga matone yasiuharibu. Huko kwa ndani ndiko paa lilikuwa nene kuliko kote. Siku moja kabla halijamwangukia alikuwa ametoka kupandisha udongo mwingine.

Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza nene kiasi gani, ningesema nini? Unamjua mama. Akishika picha hiyo jicho lake la kwanza ni paa. Ningesema jembamba, angesema Mazengo ni mvivu, hakunisikia, na maiti ingetukanwa. Ningesema nene, angefurahi, angesema mwanangu ananisikia. Hilo la pili ndilo nililoliogopa zaidi. Mwalimu alisubiri na brashi mpaka maji yakakauka juu yake. Nikamwambia acha. Ameacha. Utaona kuta zipo, mlango upo, mbingu ipo, na paa ni karatasi nyeupe.

Dada, najua unafanya nini sasa. Unakumbuka siku ile mwuza samaki yuko mlangoni na wewe umesimama kimya. Sikiliza. Mimi ningekuwepo ningesema neno lile lile. Baba alisema lile lile kila masika, na babu kabla yake, na nyumba ilisimama. Huku kwetu paa likivuja unaongeza udongo, hakuna mtu aliyewahi kuambiwa vinginevyo. Hata Ruthu nilimuuliza kama yeye angemwambia apunguze. Akasema la kwake lilisimama kwa sababu mume wake ni mvivu wa kupanda juu. Tulicheka, tukaona aibu, tukalia tena.

Kumficha mama nimeacha. Ana haki ya kumlilia mtoto wake, na watu wa kwetu wameshalia bila yeye. Mwambie Mazengo amekufa, nyumba ilimwangukia kwenye mvua. Mwambie wewe, maana upo karibu na una mikono ya kumshika. Habari ya udongo usiiguse. Hiyo ni yangu. Akiniuliza uso kwa uso nitamjibu, asipouliza sitamwambia. Ila yeye si mjinga, atauliza. Ile picha ya mtama mpe akiomba. Ya paa jeupe kaa nayo wewe au ichome, mimi sitaki kuiona.

Na mlete. Ulitaka kujua kama arudi, jibu langu ni arudi. Kaburi la mtoto wake liko huku. Mimi fundi nimemuaga, Jumamosi naondoka Dodoma. Mwalimu amesema atapita kutusalimia, nimemwambia aje na mikono mitupu, bila rangi wala karatasi. Nimeshakata nguzo kwa Geofrey, najenga chumba kimoja cha mama na kibanda changu, mbali kidogo na kile kifusi. Chakula kipo kidogo, tutasukuma. Mje kabla ya mvua. Juu nitaezeka nyasi tupu, udongo sipandishi hata koleo moja. Likivuja, tutalowa.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake. Mama Ruthu anasema pole sana, na mje mkae kwake mpaka nitakapomaliza. Mzigo huu nampa Bashiri, utingo wa basi la Iringa, atakushushia hapo darajani.

Mdogo wako,
Stanley