Shangazi Amekula Nta

Mwenzangu, shangazi amenimaliza leo!

Si tuko safarini? Tumeenda kuonja jibini, kila kipande na mvinyo wake. Shangazi kajiweka mbele kabisa, na miwani yake ya kuvalia harusini.

Dada anayetuelekeza kageuka kufungua chupa, shangazi akatia kipande kizima mdomoni, na ganda lake jekundu.

Lile ganda ni NTA! Nta kama ya mshumaa!

Taya likagoma. Lakini shangazi na kutema mbele ya watu? Thubutu! Akafumba macho, akatafuna, akitikisa kichwa kama anayesikia utamu. Meza nzima ikadhani ndivyo inavyoliwa. Wakamfuata!

Yule dada akageuka. "Jamani, maganda yako wapi?"

Watu wote mashavu yamevimba.

"Kwani hayaliwi?" mzee mmoja akauliza kwa shida.

"Ni nta, mzee wangu."

Macho yote kwa shangazi. Naye akameza. AKAMEZA, mwenzangu!

Akajifuta midomo, akawatazama mmoja mmoja.

"Watu wazima mnaigaigaje bila kuuliza?"

Kisha akanyoosha glasi aongezewe.